Umefunga pati mpya kwenye maka ya peintiboli na sasa inazingua? Anza hapa

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa yeyote mwenye maka, yani bunduki ya gesi ya mchezo wa peintiboli wa kupigana risasi za rangi, aina ya Tippmann 98 Custom, ambaye kaongeza pati, iwe triga ya vidole viwili, iwe ile Response Trigger inayosukumwa mbele na gesi ili upige haraka (huku chini nitaiita RT tu), au mtutu mpya, afu maka ikaanza tabia ambazo jana hazikuwepo. Inavuja, haikoki (nyundo ya ndani ukiivuta nyuma haikamatwi), inapiga yenyewe, au triga imekufa kabisa. Nimeichagua 98 makusudi manake viwanja vingi sana duniani ndo wanawakodishia wateja hiyo, Tippmann wa Fort Wayne, Indiana walianza kuitoa familia hii ya 98 mwaka 1998 na spea zake mpaka leo zipo za kumwaga, alafu mwili wake ni maganda mawili yaliyobanwa na skrubu kwa hiyo mtu mwenye ufunguo wa aleni na meza safi anaweza kuifungua mwenyewe nyumbani. Kuifungua ni rahisi. Matatizo karibu yote tunayoyaona yanaingia wakati wa kuifunga.

Kabla hujafungua tena na kuanza kubadilisha vitu hovyo jiulize swali moja tu: tatizo linatokea saa ngapi? Linatokea maka ikiwa kavu haina gesi? Linatokea gesi ikishaingia hata kabla hujapiga? Au mpaka upige ndo linaonekana? Hizo ni nyakati tatu tofauti na kila wakati una vipande vyake vinavyohusika, ukijua tatizo liko wakati gani umeshaondoa nusu ya vitu vya kuangalia. Watu wanapoteza siku nzima wanachezea skrubu ya RT kumbe kinachovuja hakihusiani na RT hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Gesi itoke kwanza, yote

Hapa naomba usiruke hata kama umeshafanya mara mia. Mtungi wa CO2 ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba, tuseme nyuzi 21, una presha ya kama psi 850. Tairi ya gari ndogo ni psi 30 na kitu. Sasa hiyo psi 850 ndo iko nyuma ya valvu unayotaka kuifungulia mwili, kwa hiyo hakuna cha "naangalia kidogo tu" mtungi ukiwa umefungwa.

Vaa maski, ile ile ya uwanjani, sio miwani ya jua. Weka soksi ya mtutu, kile kifuko cha kuzuia risasi mdomoni mwa mtutu. Toa hopa, kile chombo cha juu cha kulishia risasi, toa risasi zote za rangi, na inamisha maka uhakikishe hamna iliyobaki kwenye shingo ya kulishia au ndani ya mtutu, manake moja tu ikibaki itatoka. Elekeza mtutu chini sehemu ambayo hamna mtu, mtoto wala mbwa. Alafu fungua mtungi kinyume cha saa kama robo tatu ya mzunguko, simama hapo hapo. Pini ya mtungi inakuwa imeshajifunga, gesi mpya haiingii, ila ndani ya maka bado kuna gesi imekaa. Koki, piga, koki, piga, mpaka isikike tu chuma kikigonga bila ule mlio wa gesi. Hapo sasa malizia kuutoa mtungi. Kama unapiga na inaendelea kutoa gesi haiishi, maana yake pini ya mtungi ni ndefu kiasi kwamba bado haijaachia, zungusha mtungi kidogo sana tena, piga tena. Ikigoma kabisa usilazimishe, rudisha mtungi, peleka kwa fundi.

Na wakati unauzungusha mtungi macho yawe kwenye shingo yake. Mtungi wa CO2 una valvu ya shaba iliyosokotwa kwenye chupa yenyewe, na ile valvu ndo inaingia kwenye maka. Sasa ukizungusha, kinachotakiwa kuzunguka ni valvu na chupa kwa pamoja, vitoke kwenye maka. Ikitokea valvu imebaki kwenye maka na chupa peke yake ndo inazunguka, unakuwa unafungua chupa yenye presha yote ndani, na ikiachia inaruka kama roketi. Hii sio hadithi ya kutishana, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilitoa onyo 2004 baada ya watu wawili kufa kwa namna hii hii. Dawa yake ni ya bei ya bure: chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaoanzia kwenye valvu ya shaba unashuka mpaka kwenye chupa. Kila unapoutoa mtungi unaangalia ule mstari. Ukiwa umenyooka, salama. Ukianza kupishana, yani kipande cha juu kimebaki na cha chini kimehama, acha hapo hapo, usigeuze tena popote, mwite mtu anayejua mitungi. Kwa maoni yangu huo mstari una thamani kuliko pati yoyote utakayonunua, na wengi hawana.

Mtungi ukishatoka bado kuna kitu kimoja kina nguvu ndani, springi kubwa inayosukuma nyundo. Nyundo ndo ile bolti ya nyuma. Kama maka imekokiwa hiyo springi imebanwa, na ukifungua ganda inaweza kuchomoka na kile kipini chake cha kuiongoza moja kwa moja usoni. Kwa hiyo shika kishikio cha kukokia, kandamiza triga, alafu irudishe nyundo mbele taratibu kwa mkono. Hapo ndo unafungua skrubu. Weka kitambaa cheupe chini, laza maka, nyanyua ganda la juu polepole na piga picha kabla hujagusa chochote ndani. Ile picha ndo itakuokoa baadae.

Maka ikiwa kavu: kinachoharibika kwenye triga

Sasa umefunga pati, umerudisha ganda, usikimbilie mtungi. Ijaribu kavu kwanza. Majaribio haya hayana gharama na yanakamata karibu makosa yote ya triga.

La kwanza, maganda yamefungana? Yaani kabla ya kukaza skrubu, ukiyabana kwa mkono tu yanatakiwa yakutane pande zote. Kama kuna mwanya hata wa unene wa kucha, kuna kitu ndani hakijakaa, na skrubu haitakisaidia, itakivunja. Mara nyingi ni pini ya sia (sia ni kile kipande kinachoishika nyundo isiruke mpaka uvute triga), au sefti (kitufe cha kufungia triga) ambayo o-ringi zake, vile vipete vya mpira, zimepinda, au kile kifuniko cha nyuma kinachoshika springi hakijaingia kwenye mfereji wake, na kwa wenye RT ni ule mpira mwembamba wa gesi umepita juu ya ukingo badala ya kupita kwenye njia yake. Fungua, linganisha na picha, rekebisha.

La pili, koki. Nyundo inatakiwa ikamatwe na utasikia ule mlio mkavu, tak. Isipokamatwa, yani ukiachia kishikio inarudi mbele, hapo tatizo ni sia au springi yake. Springi ya sia ni ndogo na ni kawaida sana iruke wakati wa kubadilisha triga bila mtu kuona, alafu mtu anafunga maka anashangaa. Kingine ni sia kugeuzwa. Ukiiangalia kwa karibu ile ncha yake inayoshika nyundo ina kona kali, ile kona ndo inatazama nyundo. Na kama maka ni ya zamani angalia hiyo kona vizuri kwenye mwanga, ikiwa imelika imekuwa duara na inang'aa, hata ukiipanga vizuri vipi itakuwa inateleza, nunua nyingine. Usijaribu kuinoa kwa tupa, utaondoa ugumu wa juu wa chuma na italika haraka zaidi.

La tatu, weka sefti, vuta triga kwa nguvu ya kawaida. Isitoke. Toa sefti, vuta, itoke. Triga za vidole viwili za bei chee zina hii shida ya kutolingana na sefti, unakuta sefti imewekwa lakini ukivuta kwa nguvu nyundo inaachia. Maka ya namna hiyo hairuhusiwi kuona mtungi mpaka ipone, hamna mjadala.

La nne ndo watu wengi hawalijui na ndo muhimu kuliko yote kwa anayefunga RT au triga mpya. Kandamiza triga nyuma, usiiachie, iendelee kukandamizwa. Kwa mkono mwingine vuta kishikio cha kukokia mpaka mwisho. Nyundo lazima ikamatwe japo triga bado imevutwa. Alafu achia triga, utasikia kamlio kadogo kanakoonyesha sia imerudi kwenye triga, vuta tena, nyundo iachie. Ukipata hivyo maka yako ni ya risasi moja kwa mvuto mmoja kama inavyotakiwa. Kama triga ikiwa imevutwa nyundo haikamatwi, hiyo maka ukiipa gesi itamwaga risasi mfululizo mpaka uachie, na chanzo kinakuwa sia haitelezi vizuri kwenye tundu lake refu, labda imebanwa na pini iliyopinda, labda triga mpya imekaa mbali inaisukuma muda wote, au springi ya sia ni dhaifu.

Triga kuwa ngumu au kukwama katikati mara nyingi ni skrubu kukazwa kupita kiasi. Maganda yanabana triga pembeni. Legeza skrubu zilizo karibu na triga robo mzunguko uone kama inalainika. Ikilainika ujue ni hilo, na kama kwa kulegeza huko skrubu inakuwa huru kabisa basi triga yenyewe ni nene, piga msasa laini pande zake kidogo kidogo, sio mwili.

Gesi imeingia, hujapiga, inavuja

98 inatakiwa ikokiwe kabla ya kufunga mtungi. Hilo liko kwenye maelekezo ya maka yenyewe na watu wanalisahau kila siku, wanafunga mtungi nyundo ikiwa mbele imeegemea pini ya valvu, gesi inatoka mtutuni fsssss, wanasema pati imeharibu maka. Kwa hiyo soksi mtutuni, hopa haipo, koki, sefti, ndo mtungi. Ikinyamaza hapo umemaliza.

Ikiendelea kuvuja, usitafute kwa kidole. Gesi ya CO2 ikitoka inakuwa baridi kali inaunguza ngozi, na tundu dogo lenye presha kubwa linaweza kusukuma gesi chini ya ngozi. Chukua maji ya sabuni na brashi ndogo, pakaza kwa nje, povu litakuonyesha. Alafu toa mtungi kwa utaratibu ule ule wa mwanzo ndo urekebishe. Hakuna kukaza kitu chochote gesi ikiwa ndani, hata nati moja, hata kidogo.

Povu likitokea pale mtungi unapoingia, ni o-ringi ya mtungi. Itoe uitazame, utakuta imekatwa kipande kama imeng'atwa na panya, au imevimba na kulainika kwa sababu ya CO2. O-ringi hizo ni za bei ya pipi, kaa nazo mfukoni.

Povu likitokea kwenye viungio vya paipu ya gesi, ile ya waya za kusuka inayotoka kwenye adapta ya mtungi kwenda mbele, jiulize kama uliigusa wakati wa kufunga pati. Waliofunga chemba ya kutanulia gesi pale mbele hawakosi hili. Nyuzi zake zinatakiwa ziwe na gundi ya kuziba nyuzi, na ukishaizungusha hata kidogo kurudi nyuma ule muhuri umekufa, kuikaza tena hakuurudishi. Fungua kabisa, safisha gundi ya zamani, weka mpya, kaza, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Tepu nyeupe ya mabomba mi siipendi hapa, vipande vyake vinakatika vinaenda kukaa kwenye kiti cha valvu, na unahamisha tatizo kutoka nje kwenda ndani.

Ikivuja kwenye mtutu japo umekoki, ni valvu. Uchafu umekaa kwenye kiti chake au muhuri wake umechanika. Tone mbili tatu za mafuta ya maka kwenye adapta ya mtungi, funga mtungi, elekeza sehemu salama, piga mara kadhaa bila risasi, wakati mwingine kinachovuja ni uchafu tu na unaondoka. Usipoondoka valvu inabadilishwa. Na tafadhali mafuta yawe ya maka, sio ya kupuliza ya kopo yale ya kutolea kutu, yanavimbisha na kuozesha o-ringi.

Sasa lile nililoahidi. RT inafanyaje kazi? Ukipiga, gesi inasukuma risasi mbele na nyingine inasukuma nyundo nyuma ijikoki. Sehemu ndogo ya hiyo ya nyuma inachukuliwa na ule mpira mwembamba mpaka kwenye kisilinda kidogo kilichopo kwenye triga, pistoni yake inaisukuma triga mbele, kidole chako kikiwa bado kimeegemea kinaivuta tena. Ndo maana inapiga haraka. Angalia vizuri hapo: gesi inafika RT pale tu maka inapopiga. Maka ikiwa imetulia mpira wa RT hauna kitu ndani. Kwa hiyo uvujaji wowote wa kudumu, unaosikika maka ikiwa imekaa kimya, haujatoka RT. Iache hiyo skrubu ya RT, tafuta kwingine.

Mpaka upige ndo inazingua

Hapa sasa ndo RT inaingia. Jaribu bila risasi kwanza, soksi mtutuni, maski usoni.

RT haisukumi triga, yani inapiga kama kawaida tu. Anza na skrubu yake ya kupitisha gesi, labda imefungwa kabisa. Fungua robo mzunguko, piga, robo nyingine, piga. Usiifungue yote kwa mkupuo. Kama hata ikiwa wazi hamna kitu, toa gesi, fungua ganda, angalia mpira. Ukikuta mstari bapa unaong'aa kwenye mpira basi ganda liliubana, na hata ukiuachia ule mpira unabaki umelala, kata upya au badilisha. Angalia pia kama umesukumwa mpaka mwisho kwenye vichomeo vyake pande zote mbili, ukichomoka kwenye kichomeo kimoja utasikia mpulizo wa gesi kutoka kwenye muungano wa maganda kila unapopiga, puf, puf, na wakati mwingine nyundo inashindwa kujikoki kwa sababu gesi yake inaibwa. Mwisho kisilinda chenyewe: sukuma pistoni kwa kidole, inatakiwa iende na kurudi laini. Ikiwa kavu tone moja la mafuta linatosha.

RT inasukuma lakini inachoka baada ya risasi kadhaa. Hii mara nyingi sio RT, ni CO2. Ukipiga haraka mtungi unapoa na presha inashuka, kwenye nyuzi sifuri CO2 ina kama psi 500 tu badala ya ile 850. Triga inakuwa nzito, risasi zinaanguka karibu. Anayepiga na RT kwa kweli anahitaji mtungi wa hewa wenye regyuleta (kidhibiti presha), presha yake haibadilikibadiliki, na naona ni bora uweke hela huko kwanza kabla ya RT.

Triga inarusha kidole kwa nguvu mpaka huwezi kupiga risasi moja moja. Skrubu iko wazi mno, funga. Lengo ni kwamba ukivuta kwa makusudi inapiga moja, ukiegemea kwa wepesi ndo inaendelea. Kama huwezi kupata hiyo moja, bado hujamaliza kurekebisha. Na kabla hujaenda uwanjani waulize wenye uwanja, viwanja vingi vinaruhusu risasi moja kwa mvuto mmoja tu na RT wanaiweka kundi la maka za kumwaga, utalipa kiingilio alafu uambiwe uifunge.

Inapiga risasi tatu nne zenyewe ukivuta mara moja, na sio RT. Kama jaribio la nne la kavu ilifaulu, basi angalia gesi. Mtungi ukikaribia kuisha nyundo inarudi nyuma nusu tu, haifiki kwenye sia, inarudi mbele inagonga valvu tena, tatatata. Weka mtungi uliojaa. Ikiendelea angalia o-ringi ya nyundo, ikiwa imelika au kavu gesi inapita pembeni na nyundo haipati msukumo wa kutosha. Hilo hilo linasababisha ile nyingine ya kupiga mara moja tu afu inabidi ukoki kwa mkono kila risasi. Springi ngumu ya nyundo iliyowekwa bila kujua inafanya pia hivyo, rudisha ya kiwandani.

Risasi zinapasukia ndani. Kwanza hakikisha kile kizuizi kidogo cha risasi mlangoni mwa mtutu kimerudi mahali pake, ni kidude kinachoanguka mtu akifungua ganda na hakionekani. Bila hicho risasi mbili zinaingia kwa pamoja. Pili hopa, ya kawaida isiyo na mota haiwezi kuifuata RT, bolti ya mbele, ile inayosukuma risasi, inakuta risasi iko nusu mlangoni inaikata. Tatu mtutu. Ukiwa na mtutu mkononi, umetolewa kwenye maka kabisa, weka risasi ndani: ikidondoka yenyewe upande wa pili mtutu ni mpana kwa risasi hizo, ikikwama hata ukipuliza haitoki ni mwembamba, ikisimama alafu pumzi moja ya mdomo ikaitoa ndo yenyewe. Na nyuzi, mtutu wa A-5 au X7, maka nyingine za Tippmann, sio wa 98, usiuzungushe kwa nguvu ukidhani umekaza kidogo, utaua nyuzi za mwili na mwili ndo maka yenyewe.

Kasi

Kila pati ukishafunga, hata kama ni triga tu ambayo unaona haihusiani, nenda kwenye krono (kipimo cha kasi ya risasi) kabla ya kumlenga mtu. Mtutu unaobana zaidi unaongeza kasi, springi inaongeza, jua likiwaka juu ya mtungi wa CO2 linaongeza. Ukomo ni futi 300 kwa sekunde na viwanja vingi vinataka 280, ambayo ni kama mita 85 kwa sekunde, na vya ndani vinataka chini ya hapo. Juu ya hiyo maski zenyewe hazijatengenezwa kuhimili. Piga risasi kadhaa uchukue ile iliyotoka juu kuliko zote, sio wastani, manake atakayepigwa hapigwi na wastani.

Skrubu ya kasi kwenye 98 iko ubavu wa kushoto. Ukiigeuza kulia, yani kuingia ndani, kasi inapungua, kushoto inaongezeka. Isitoke nje kupita usawa wa ganda, ikitokeza umezidisha na inaweza kuchomoka na gesi nyuma yake. Kama ili ufike 280 inabidi uitoe mpaka usawa huo basi kuna kitu kingine kinakula gesi, rudi kwenye o-ringi ya nyundo na mpira wa RT. Na kama unaingiza mpaka mwisho bado uko juu ya 300, maka haichezwi siku hiyo, toa ile springi au ule mtutu.

Peleka kwa fundi

Kuna vitu hata ukiwa na mkono mzuri sio vya meza ya nyumbani. Valvu ya shaba ya mtungi wa CO2, usiiguse. Regyuleta ya mtungi wa hewa, usiifungue, mle ndani kuna psi 3000 au 4500 kutegemea na mtungi. Na chuchu yake ya kujazia usiipake mafuta wala grisi kabisa, mafuta na hewa ya presha kubwa inayoingia kwa kasi vinaweza kuwaka. Angalia na tarehe iliyopigwa au kubandikwa kwenye mtungi, kwa Marekani mingi inapimwa upya kila miaka 5 na mingine 3, uliopitwa na tarehe hawatakujazia, na hata kama kuna mtu yuko tayari kukujazia usimpe.